"Went" imetoka wapi? Barua kwa Mwajuma

Tanga, Jumapili jioni

Mwajuma shoga yangu,

Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Watoto hawajambo, Bi Sauda anakusalimu sana na mguu wake umepata nafuu. Ya nyumbani mengine tutaongea kwenye simu. Leo nina jambo moja la kazi yetu limenikaa moyoni, na sina wa kumwambia isipokuwa wewe.

Kijana mmoja wa kidato cha pili, kwenye somo la Kiingereza, alitaka kusema "alikwenda" akaandika "goed". Nikamsahihisha, nikaandika "went" juu yake. Kipindi kilipokwisha akanifuata na daftari mkononi. "Mwalimu, walk inakuwa walked, play inakuwa played. Hii went imetoka wapi? Haina hata herufi moja ya go!"

Shoga, nilifurahi! Miaka yote wanakariri go, went, gone kama dua, na leo kapatikana wa kuuliza. Nikamweleza kwamba hapo pana vitenzi viwili. Katika Kiingereza cha kale, kwenda kulikuwa gan, na wakati wake uliopita ulikuwa eode, ambayo nayo haikutokana na gan. Kando yake kulikuwa na wendan, maana yake kugeuka au kugeuza, ndugu wa ile wind ya kuzungusha uzi. Aliyegeukia njia fulani ameshaishika, kwa hiyo wendan ikazoeleka kwa maana ya kwenda. Wakati wake uliopita ukawa went, sawa na send na sent, bend na bent. Kufika karne ya 15, eode ilikuwa inatoweka na went imekalia nafasi yake. Wend yenyewe, iliyonyang'anywa went yake, ikatafutiwa wended. Gone peke yake ndiyo ya go tangu mwanzo.

Lakini kilichomfanya macho yamtoke ni habari ya Waskoti. Wao walichukua go yao wakaitia d mwishoni, wakapata gaed. Yaani mtoto wa Tanga kwa akili yake mwenyewe kafuata njia ileile iliyofuatwa Uskoti! Alama sikumpa, mtihani ni mtihani, ila nilimwambia mbele ya wenzake kwamba alivyofikiri ni sawasawa.

Sasa sikia. Mwalimu mwenzetu mmoja alikuwa anasikiliza pale mlangoni. Akaniambia nisiwachanganye watoto, mtihani hauulizi asili ya maneno, wakariri tu. Nimeshindwa kukubali. Mtoto anayeambiwa "kariri tu" anaondoka akiamini kwamba Kiingereza ni lugha ya vichaa na yeye hana kichwa cha kuiweza. Akielezwa kisa, hata ile was na is haimtishi tena. Tena maneno yanayokaidi kanuni ndiyo yaliyo mdomoni kila siku, na ndiyo sababu hayabadiliki, kwa kuwa kila kizazi kinayasikia mno hata hakipati nafasi ya kuyasahau. Yanayosemwa kwa nadra hunyooshwa. Help ilikuwa na holp, leo ni helped.

Na kwetu je? Twamwambia mtu "soma", "lala", "pika", lakini kuja ni "njoo", kwenda ni "nenda", leta ni "lete". Mambo ni yaleyale, na ni katika maneno yaleyale ya kila siku! Darasa zima lilicheka nilipowaamuru waniambie "ja!" Halafu nikawaonyesha -ta- yetu ya wakati ujao, kwamba asili yake ni taka, na bado inachungulia kwenye "atakayekuja". Will ya Kiingereza nayo mwanzoni ilikuwa kutaka. Going to ilianza kwa mtu anayetembea kweli kwenda kufanya jambo, ikaishia kuwa wakati ujao hata kwa aliyekaa kitini. Kengele ikalia, sikumaliza. Ningewapeleka na Kifaransa, aller (kwenda) na vais (naenda) na irai (nitakwenda), mizizi mitatu katika kitenzi kimoja, lakini hapo ningekuhitaji wewe.

Ndiyo haja yangu hasa, Mwajuma. Lile kamusi lako nene la asili za maneno bado unalo? Nipigie picha kurasa za go, wend na be, nataka kuwaandalia karatasi ya klabu ya Kiingereza. Na ukivuka kuja huku likizo, utakuja utuzungumzie saa moja tu? Wewe una sauti ya kuwakalisha watoto kimya, mimi huanza kukimbia nikinogewa. Yule mwenzetu nimjibu, au niendelee na klabu yangu kimya kimya? Wewe huko unawaruhusu wakuulize "kwa nini", au muda wa mtaala unakubana?

Na Hadija kajifungua? Kibwana amepata uhamisho? Mbona mama yako hapokei simu, yuko shamba? Nijibu upesi, klabu inakutana Alhamisi.

Wako akupendaye,
Zainabu