Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, asalaam aleikum, na karibuni nyote.

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia zaidi shughuli iliyotutoa jasho mwaka huu, yaani kuwapeleka watoto wetu kwenye Tamasha la Cambridge.

Kwa wanachama wapya: Chuo Kikuu cha Cambridge kilianzisha tamasha la sayansi mwaka 1994, na tangu 2021 limeunganishwa na tamasha lake jingine. Kila Machi maabara na makumbusho hufunguliwa kwa umma, na sehemu kubwa haina kiingilio. Lakini mwenye watoto wanne anajua kwamba hata cha bure kina nauli na chakula cha mchana, ndiyo maana kamati iliamua chama kichangie basi. Shughuli zinazohitaji kujiandikisha hujaa mapema. Mwakani katibu ataandikisha familia zote kwa pamoja.

Jumba la Sedgwick, makumbusho ya miamba na visukuku ya chuo hicho, ndilo lililowateka watoto. Mbele ya mifupa ya Iguanodoni, aina ya dinosau, mzee wetu mmoja wa Lindi aliuliza kama wameichukua kwetu Tendaguru. Hapana, hiyo ni nakala ya mifupa iliyochimbwa Ubelgiji; mifupa mashuhuri ya dinosau wa Tendaguru iko Berlin. Watoto hawakujua kabisa kwamba Lindi imewahi kutoa dinosau, na maswali hayakwisha mpaka tunashuka basi. Jumba hilo halina kiingilio mwaka mzima, msingoje Machi.

Lisilonifurahisha ni sisi wazazi. Wengi tulisimama ukutani na simu zetu, kana kwamba sayansi ni ya wenyeji na watoto tu.

Kwa hiyo kamati inapendekeza tuombe meza yetu kwenye tamasha, na mada tunayo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba kwetu Tanzania, aliweka maziwa ya moto kwenye friza ili atengeneze aiskrimu, yakaganda kabla ya yale yaliyopoa. Mwalimu wake hakuamini. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, alimuuliza sababu Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Ubishi haujaisha: mwaka 2016 watafiti Henry Burridge na Paul Linden, huyu wa pili wa hapa hapa Cambridge, waliandika kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha kuwa maji ya moto hupoa haraka kuliko ya baridi, na kwamba hata kusogeza kipimajoto sentimita moja kunaweza kubadili matokeo. Mimi nauona huo ndio utamu wake. Mtoto atapima mwenyewe, na mzazi atamweleza kwa Kiswahili.

Tunahitaji vipimajoto, vikombe vinavyolingana, na familia zitakazojaribu kwanza kwenye friza za nyumbani na kuandika muda. Majina yapelekwe kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi. Pendekezo hili litapigiwa kura baada ya taarifa ya fedha.

Namkaribisha mweka hazina.