Kaka, ile sufuria ya mlenda

Kaka simu zangu hupokei, basi naandika hapa, watakaosoma wasome.

Siku ya arobaini ya baba ulibeba sufuria yangu mbele ya mashemeji ukaitoa nje mwenyewe, ukasema "mlenda huu ndo uliomuua". Wewe! Uliyekuzwa na mlenda na ugali wa uwele, leo unaona aibu wageni wakiuona.

Mi sikumlisha baba uganga. Dokta alinichorea nyuma ya cheti cha dawa, ini linachukua kolestro linatengeneza asidi za nyongo, zinashuka utumbo mwembamba kulainisha mafuta tuliyokula yasagike, halafu kama asilimia 95 hazipotei, zinafyonzwa mwisho wa utumbo zinarudi kwenye ini, zinaenda ruti tena na tena siku hiyohiyo kama daladala. Sasa ule utelezi wa mlenda au bamia, hata faiba ya maharage, unazinasa humohumo tumboni zinatoka na choo, na ini likiona zimepungua linavuta kolestro kwenye damu litengeneze nyingine. Kuna mpaka dawa ya hospitali, kolestiramini, inafanya kazi kwa kuzinasa hivyohivyo. Wazungu uji wao wa oti wanausifia kwa hilohilo ila wa kwetu ukiteleza unaitwa ushamba.

Kwa hiyo punguza chipsi kaka, na wewe damu ni ileile ya baba.

Na dokta alisema mlenda unashusha kolestro kidogo tu, vidonge viko palepale. Nilimsikia vizuri. Baba sikumwambia aache dawa hata siku moja, hilo uliwatangazia watu na sio kweli. Ila zile wiki mbili vilipoisha, nilikupigia ukasema unatuma, hukutuma, na mi ada ya mtoto ilikuwa imenibana, nikamwambia baba tule mlenda kwanza. Nilisema kwanza. Ningesemaje sasa, mzee kakaa pale ananiangalia, ningemwambia mwanao hajatuma?

Nilikufichia aibu yako kaka, na wewe ukanitolea chakula nje.

Wifi anasema ile sufuria mnawekea kuku maji. Ni ya mama ile, naitaka.