Mafundi tunao, chuma ndicho kinachotushinda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalotutesa sisi tunaolima kwa matrekta ya zamani.

Marehemu mume wangu aliniachia Massey Ferguson 135. Aina hiyo ilianza kuundwa Uingereza mwaka 1964, na hapa Kibaigwa langu bado linalima, linabeba magunia, na wakati wa mavuno linazungusha mashine ya kupukuchua mahindi. Spea za injini hazinisumbui sana. Perkins ya silinda tatu iliendelea kuundwa Pakistan, kwa hiyo ringi na gasketi zinapatikana.

Juni mwaka jana iliisha meno shafti ya PTO, ile inayotokeza nyuma ya trekta na kuzungusha mashine, meno 6, unene milimita 35. Nikaagiza mpya kutoka duka moja la Dar es Salaam. Ilikuja kwenye boksi zuri, imepakwa grisi. Siku ya tisa meno yalikuwa yamelala, na mahindi ya watu yamerundikana uwanjani kwangu. Fundi wetu akapitisha tupa juu yake, ikala chuma kile kama inakwangua mti. Akaniambia, "Mama, hiki ni chuma laini. Kukereza hata mimi naweza, nitafutie chuma."

Nondo tuliyouziwa kuwa ni chuma cha shafti ilijisokota kama kamba. Mwishowe akachukua shafti ya tairi la nyuma la lori, iliyokatika. Aliipasha moto wa mkaa, akaifukia kwenye majivu usiku kucha ilainike, ndipo akaikereza na kuichonga meno. Kisha akairudisha motoni. Hana kipimajoto, ana sumaku ya spika kuukuu aliyoifunga kwenye waya. Sumaku ilipoacha kunasa, dalili kwamba chuma kimepata moto wa kutosha, akaizamisha shafti kwenye oili, halafu akaipasha tena polepole mpaka ikageuka rangi ya buluu, isije ikakatika kama kioo. Shafti hiyo inafanya kazi hadi leo.

Kijana huyo namheshimu sana. Lakini tutaishi kwa kuomba malori yakatike shafti? Wilaya hii ya Kongwa ilikwisha kuona matrekta ya Waingereza yakilala kwa kukosa spea, kwenye mpango wao wa karanga wa mwaka 1947, nao walikuwa na fedha za serikali yao.

Ombi langu ni dogo. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, iweke Dodoma chuma cha shafti kinachojulikana aina yake, kikatwe na kuuzwa kwa futi, maana fundi wa kijijini hawezi kununua mche mzima. CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo kule Arusha, wachore vipimo vya vipande vinavyokufa mara kwa mara kwenye matrekta haya, na waandike kwa Kiswahili namna ya kukomaza kila kimoja kwa moto. Tusiendelee kukereza kwa kufuatisha kipande kilicholika, maana tunanakili hadi ubovu wake.

Shafti ya awali, iliyokuja na trekta, bado ninayo. Upande unaoingia ndani ya gia haujalika hata kidogo. Mtaalamu anayetaka kuchukua vipimo nitampa akae nayo hata mwezi mzima, mradi anirudishie.

Mkulima wa mahindi na alizeti,
Kibaigwa, Kongwa