Msaada wa maafa uwafikie na wenye biashara

Mhariri,

Maafa yakitokea, malori ya misaada hushusha mablanketi, mahema na maji ya kunywa. Wanaofanya kazi hiyo nawashukuru kwa moyo wote. Lakini fundi cherehani ambaye mashine zake zimezama, au muuza dawa ambaye friji yake haiwaki tena, huambiwa asubiri. Anasubiri hadi wateja wake wanazoea kwenda kwingine.

Mimi huwaandikia hesabu wafanyabiashara wadogo. Baada ya mafuriko fulani nilimkuta mama mmoja akianika daftari lake la madeni juani, akibandua kurasa moja moja kwa ncha ya kisu. Wino ulikuwa umeyeyuka. Majina ya wadaiwa aliyakumbuka karibu yote, ila kila mmoja anadaiwa kiasi gani, hakuweza kusema. Kampuni ya bima nayo ilidai risiti za manunuzi, na risiti zilikuwa droo ya chini kabisa, ile iliyoingiwa na maji kwanza. Iliniuma sana. Laiti angepiga picha kurasa zile kwa simu kila Jumamosi na kumtumia ndugu anayeishi mbali, angekuwa na cha kuonyesha.

Bima nayo isomwe kabla ya kutiwa saini. Bima ya moto mara nyingi haihusu mafuriko. Na ile ya jengo na mali kwa kawaida haifidii mapato yanayopotea mlango ukiwa umefungwa, mpaka mwenye biashara aongeze kipengele hicho na kukilipia. Vyama vya wafanyabiashara viwaite mawakala wawaeleze wanachama haya mapema.

Wenye mamlaka, nawasihi watenge sasa hivi eneo la biashara la muda. Tetemeko la Februari 22, 2011 liliua watu 185 mjini Christchurch, Nyuzilandi, na katikati ya jiji pakazungushiwa uzio ambao sehemu yake ya mwisho iliondolewa Juni 2013. Nani awezaye kukaa miaka miwili bila kuuza kitu? Oktoba ya mwaka uleule wa tetemeko lilifunguliwa eneo la maduka ndani ya makontena ya meli, na watu wakaanza kununua tena katikati ya jiji lao.

Kuna jambo jingine linalonikera. Bidhaa za bure zikimiminika kwa wiki nyingi katika mtaa ambao una maduka yaliyosalimika, zinamalizia yale ambayo maafa yaliyaacha. Pale ambapo bidhaa bado zinapatikana, waathirika wapewe fedha au vocha wakanunue kwa majirani zao. Marejesho ya mikopo na kodi yasimamishwe kwa miezi michache. Mkopo mpya, hata wa riba nafuu, ni mzigo kwa mtu ambaye bado anadaiwa bidhaa zilizosombwa na maji.

Msomaji wako,
Mwandika hesabu