Barua kwa mpwa wangu: wale thelathini wa mwisho

Mpwa wangu,

Umeniuliza kwa nini partition, amri ya kugawa orodha katika mafungu kwenye lugha ya programu ya Clojure, "imekula" namba yako. Uliipa 1 mpaka 7, ukataka mafungu ya tatu tatu, ikakurudishia 1 2 3 na 4 5 6. Saba ilikosa wenzake wawili wa kutimiza fungu, ikaachwa. Clojure haijakosea, ndivyo partition ilivyoandikwa, na haitoi onyo lolote.

Najibu hadharani kwa sababu ukimya huo uliwahi kuniponza. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilikuwa na wanachama 130. Nikaandika programu ya kuwatumia ujumbe wa mkutano, hamsini hamsini kwa kila mkupuo:

`(partition 50 wanachama)`

Mikupuo miwili ikaenda. Watu 100 wakapata habari, 30 hawakupata. Orodha ilifuata tarehe ya kujiunga, kwa hiyo waliokosa walikuwa wageni watupu, watu ambao bado walikuwa wanapima kama kikundi kinawahesabu. Mama mmoja alinipigia kuuliza, kwa upole, amekosea nini. Dawa ilikuwa neno moja fupi:

`(partition-all 50 wanachama)`

Hapo unapata 50, 50 na 30. Baki halipotei.

Lakini usiichukie partition. Chukua mauzo ya duka, utafute wastani wa kila siku tatu mfululizo. Ukiandika `(partition 3 1 mauzo)`, ile 1 ni hatua: fungu la kwanza ni siku ya 1 hadi ya 3, linalofuata ni ya 2 hadi ya 4, yanapandana hivyo mpaka mwisho. Hapo fungu lenye siku mbili lingekuharibia hesabu, na partition inakuondolea bila kuombwa.

Angalia pia partition-by, maana wengi huichanganya na group-by. Yenyewe hupima kila kitu cha orodha kwa kanuni unayoipa, na hukata kila jibu linapobadilika. Siku zikiwa mvua, mvua, jua, mvua, utapata mafungu matatu, kwa sababu mvua iliyorudi imefungua fungu jipya. group-by ingeziweka mvua zote pamoja. Ukitaka kujua mvua ilinyesha siku ngapi bila kukatika, ni partition-by. Ukitaka jumla yake, ni group-by.

Na split-with hukata mara moja tu, pale sharti linapovunjika kwanza. Ukiipa 2 4 5 6 na sharti la namba shufwa, 6 itabaki upande wa pili pamoja na 5, ingawa nayo ni shufwa.

Siku hizi kabla ya kutuma chochote nahesabu walioingia, nahesabu waliotoka kwenye mafungu, nalinganisha. Fanya hivyo kwenye zoezi lako la leo, kisha uniandikie ulichopata.

Mjomba wako