Kioo cha taa ya pikipiki kimevunjika na spea haipatikani: tunachoweza kukutengenezea, na tunachokataa

Wiki iliyopita alfajiri, kabla hatujamaliza kufungua milango, kijana wa bodaboda alisimama mbele ya karakana yetu hapa Uyole, Mbeya. Alikuwa ametoka Isongole na gunia la viazi. Mbele ya taa alikuwa amefunga chupa ya maji ya lita moja na nusu, ameipasua, ameitandaza na kuizungushia selotepu. Joto la balbu lilikuwa limeikunja chupa ile, upande mmoja umegeuka mweupe kama maziwa, na ndani ya taa matone ya maji yalikuwa yanatembea. "Kaka, ile milima yote nimeishuka kwa kukisia," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu kwa upepo na kukodoa. Nikaona jambo hili niliandike, maana si yeye peke yake. Kila wiki tunapokea pikipiki ambayo taa yake imezibwa kwa chupa, kwa nailoni, au haikuzibwa na chochote.

Sababu kila mmoja anaijua. Barabara kuu ya Tunduma inapita hapa mlangoni kwetu, malori hayakatiki usiku na mchana, na kwenye kipande cha ujenzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi kokoto ziko kila mahali. Tairi la lori likibana kokoto linaitoa kama teo. Ukiwa na pikipiki inayotembea sana, kioo cha taa utakipata Mwanjelwa siku hiyohiyo. Shida ni kwa wenye pikipiki za miaka ya nyuma, au zile zilizoingia mara moja tu na hazikuletwa tena. Hao huambiwa waagize Kariakoo, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa, na mara nyingi jibu linalorudi ni kwamba kioo peke yake hakiuzwi, nunua taa nzima.

Kabla ya kufikiria kutengeneza chochote, kuna kitu kimoja nakuomba sana. Kioo kikivunjika, usiguse lile bakuli linalong'aa nyuma ya balbu, ambalo mafundi tunaliita rifrekta. Ule mng'ao ni utando mwembamba mno wa alumini uliopakwa juu ya plastiki au bati. Ukilifuta kwa kitambaa likiwa na vumbi, umelipiga msasa, na hakuna kioo kitakachorudisha mwanga wake. Vumbi lipulize kwa pampu ya baiskeli, kwa mbali. Vipande vya kioo viondoe kimoja kimoja. Kisha funika taa kwa mfuko mkavu na usiiwashe mpaka ufike kwa fundi, kwa sababu balbu ya halojeni ikiwaka, joto la kioo chake hupita nyuzi 200, na tone moja la mvua likiidondokea linatosha kuipasua. Ukilazimika kuigusa balbu yenyewe, ishike kwa karatasi safi. Mafuta ya kidole hubaki juu yake, sehemu hiyo hupata joto kuliko nyingine, na balbu hufa mapema.

Sasa tuje kwenye swali ambalo mteja haulizi na sisi lazima tulijibu kwanza: kioo chako kilikuwa na kazi gani?

Watu wengi wanaamini kioo cha taa ni mlango tu wa kuzuia vumbi na mvua. Kwa baadhi ya pikipiki ni kweli. Kwa nyingine, kioo ndicho kinachopanga mwanga. Kujua ni rahisi. Tafuta pikipiki ya aina kama yako yenye taa nzima, simama mbele yake mchana ikiwa imezimwa. Ukiiona balbu waziwazi kama unavyoyaona maandazi kwenye kabati la kioo la mama ntilie, basi kioo hicho ni kifuniko tu, na mwanga unapangwa na mikunjo iliyo kwenye rifrekta. Hicho tunaweza kukitengeneza. Lakini ukiona kioo kimejaa mistari ya kusimama na vijumba vidogovidogo, na balbu inaonekana imevurugika nyuma yake, kila mstari ule una kazi: huu unausambaza mwanga kushoto na kulia, ule unauinamisha chini. Ukiondoa kioo hicho ukaweka plastiki laini isiyo na mistari, mwanga unakusanyika doa moja kali katikati, pembeni giza, na kiasi kingine kinapanda juu moja kwa moja kwenye macho ya anayekuja mbele yako.

Hapa ndipo tunapokataa kazi, na wateja wengine hukasirika. Tunaelewa, mtu ana haraka na abiria wanamsubiri. Lakini dereva wa lori aliyepigwa mwanga machoni pale Mlima Nyoka hajui kama ni plastiki yetu au ni nini. Anachojua ni kwamba haoni. Kwa taa ya mistari tunakutafutia kioo au taa nzima iliyotumika. Tunaangalia pia imetengenezwa kwa nchi za mkono gani, kwa sababu zipo taa zilizoundwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kulia. Dimu ya taa hizo huegemea kulia, na kwetu sisi tunaopita kushoto, kulia ndiko anakokuja mwenzako. Na kama kioo cha mistari kimepata ufa tu lakini vipande vyote vipo mahali pake, tunakiacha palepale na kuweka kifuniko kingine kwa nje kukishikilia. Mwanga unapungua kidogo, mpangilio wake unabaki.

Haya, tuseme kioo chako ni kile cha wazi. Kitengenezwe kwa nini?

Chupa ya maji hulegea. Plastiki yake huanza kulainika kwenye nyuzi 70 na kitu, chini ya joto la maji yanayochemka. Aliyewahi kumimina chai ya moto kwenye chupa ya maji ameona inavyonywea. Kioo cha dirisha kinastahimili joto, lakini kikipigwa kokoto kinakuja usoni kwako vipande vipande. Akriliki, ile inayotumika kwenye mabango yenye taa, inapitisha mwanga vizuri kuliko zote na haiwi njano upesi, ila inapasuka kirahisi, hasa pale ulipotoboa tundu la skrubu. Tunayoitegemea sisi ni polikaboneti. Utaipinda, utaipiga nyundo, itabonyea badala ya kupasuka, na haianzi kulainika mpaka karibu nyuzi 147. Kwa taa tunatumia ya milimita 3, yenye kinga ya jua upande mmoja, na upande huo lazima uangalie nje. Akigeuza fundi, kioo kinaanza kuwa njano mapema.

Usione polikaboneti ni kitu cha mbali. Vioo vingi vya helmeti vimetengenezwa kwa hiyo. Helmeti iliyokwisha kugonga barabara haifai kurudi kichwani kwa mtu, lakini kioo chake, kama ni cheupe na hakijachubuka katikati, ni mali. Tayari kina mkunjo, na mkunjo ndio unaosumbua. Kukunja polikaboneti kwa moto si kazi ya jikoni nyumbani. Inanyonya unyevu wa hewa bila wewe kuuona, na ukiipasha moto bila kuikausha kwanza kwa saa kadhaa, inajaa mapovu ndani kama soda. Masika hapa Mbeya mvua inaponyesha wiki nzima, tumeharibu vipande vingi kabla ya kujifunza hilo. Kwa hiyo kama taa yako ina uso bapa au mkunjo wa upande mmoja tu, kioo cha helmeti au shiti bapa vinatosha. Kama imevimba kama nusu ya chungwa, tuachie tufanye kwa kalibu ya jipsamu, na utatupa siku mbili.

Kwa mwenye mkono wa ufundi anayetaka kufanya mwenyewe, kazi inakwenda hivi. Ule utando wa karatasi au nailoni uliobandikwa juu ya shiti usiutoe mpaka mwisho, ndio unaozuia mikwaruzo. Chora umbo kwanza kwenye karatasi ngumu ya boksi, likate, lijaribishe kwenye taa mpaka likae, ndipo ulihamishie kwenye plastiki. Kata kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, polepole. Ukiharakisha, plastiki inapata moto, unga wake unayeyuka na kuushika msumeno, na utasikia sauti inabadilika kutoka kukwaruza hadi kunung'unika. Hapo pumzika. Kingo zipitishe tupa, kisha msasa, mpaka kidole kipite bila kukwama, kwa sababu kila kijino kilichobaki pembeni ndiko ufa unakoanzia.

Usikate kwa kubana. Kioo cha sentimita 18 kikitoka kwenye baridi ya asubuhi ya Julai hadi kwenye joto la taa lililoongezeka kwa nyuzi 60, kinatanuka karibu robo tatu ya milimita. Haionekani kwa macho, lakini kama hakina pa kutanukia kitajipinda au kitapasuka kwenye skrubu. Acha nafasi ya milimita moja kuzunguka, matundu ya skrubu yawe mapana kidogo kuliko skrubu, na skrubu yenyewe ikazwe mpaka ishike tu.

Supagluu usiiweke karibu na taa. Ikikauka inatoa mvuke unaoganda kama ukungu mweupe ndani ya kioo, na haufutiki. Tumia silikoni, ila inuse kwanza. Ile yenye harufu ya siki inatoa asidi inayokula ule mng'ao wa rifrekta. Dukani omba isiyo na harufu hiyo. Ziba juu na pembeni vizuri, lakini chini kabisa acha kitundu kidogo kinachoangalia ardhini. Taa iliyozibwa kila mahali haipumui: ikiwaka hewa yake inatanuka, ikizimwa kwenye baridi inavuta unyevu, na asubuhi unakuta jasho ndani.

Ikishakauka, subiri giza. Simamisha pikipiki mbele ya ukuta, hatua saba hivi, mwenyewe ukiwa umeikalia, maana uzito wako unainua taa. Pima kwa kamba urefu wa taa kutoka chini, weka alama ya chaki ukutani kwa urefu huohuo, washa dimu huku injini ikinguruma kidogo, kwa sababu pikipiki nyingi ndogo taa yake hufifia ikiwa sailensa, yaani injini ikiwaka bila kuvuta mafuta. Sehemu kali ya mwanga ikae chini kidogo ya chaki. Ikiwa juu, legeza taa uinamishe. Halafu angalia ule mwanga wenyewe. Ukiona mabaka, au ukungu unaozunguka doa la mwanga, kioo chako kimekwaruzika au kina mafuta. Usiingie nacho barabarani kabla hujakisafisha au kukata kingine.

Nasisitiza hili kwa sababu ya ukungu wa kwetu. Anayepanda kutoka Igawilo kwenda Isyonje, au anayekata kushoto pale kuelekea Kikondo na Kitulo, anajua kuna asubuhi ambazo huioni hata tairi yako ya mbele. Kwenye ukungu ule unapanda kwa dimu, kwa sababu fulu inagonga matone ya ukungu na kukurudia machoni. Kioo chenye mikwaruzo kinafanya kitu hichohicho ndani ya taa kabla mwanga haujatoka nje. Umebeba ukungu wako mwenyewe.

Usafi wake ni maji mengi na sabuni laini, kwa mkono au sponji. Mwalimu mmoja wa kule Kiwira tulimtengenezea kioo kizuri kabisa, baada ya wiki mbili akarudi nacho kimejaa nyufa ndogondogo kama utando wa buibui. Tuliumia wote wawili. Kumbe vijana waliomwoshea pikipiki walikipitisha kitambaa chenye petroli ili king'ae. Petroli na thina vinaiua polikaboneti. Tulimkatia kingine bila malipo, na tangu siku hiyo kila kioo kinachotoka kwetu kina karatasi iliyobandikwa kwenye tangi: MAJI NA SABUNI TU.

Kama kioo chako hakijavunjika bali kimekuwa njano, usinunue kingine bado. Tunakipiga msasa wa maji namba 800, 1500, kisha 2000, na kukimalizia kwa polishi. Dawa ya meno inasaidia kidogo kwa yule aliye mbali. Ujue tu kwamba baada ya miezi kadhaa njano hurudi, kwa kuwa ile kinga ya jua imekwisha kuondoka.

Gharama zetu kwa sasa: kioo bapa cha polikaboneti, kukata na kufunga, ni shilingi 15,000. Ukija na kioo chako cha helmeti unalipa ufundi peke yake, shilingi 7,000. Cha kuvimba tunaelewana baada ya kukiona. Kupima mwanga ukutani hatutozi, hata kama kioo umetengeneza mwenyewe nyumbani, ila uje jioni giza likiingia.

Na vile vipande vilivyovunjika, tafadhali usiviache barabarani. Viokote, vitie kwenye soksi kuukuu, uje navyo. Tukivipanga mezani tunapata umbo kamili la kioo chako, tunaona kama kilikuwa na mistari, na hatutalazimika kukisia. Yule kijana wa Isongole alikuwa navyo mfukoni mwa koti, vyote isipokuwa kimoja. Kioo chake kilikuwa cha wazi. Saa nne asubuhi aliondoka na kipya, akasema "ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, akapandisha zake mlima.