Nakuru hakuna pa kuenda?

Nafula mdogo wangu,

Hamjambo wote huko nyumbani? Mimi huku Manchester niko poa tu, baridi ishaanza na kazi ni zile zile za usiku, tusiongee sana hayo. Nimesikia sauti yako ya WhatsApp, ile ndefu ya kulia ati Nakuru hakuna pa kuenda na nitume nauli ya Mombasa, wewe na marafiki zako. Nauli ngoja kwanza. Kasri la Lord Egerton pale Ngata umewahi kuingia ndani kweli ama unalionanga tu kwa picha za harusi za watu?

Nauliza juu kasri hilo lina ndugu yake huku. Si mbali na hapa kuna mahali panaitwa Tatton Park, ndo kwao na yule mzungu, Maurice Egerton, nikaenda siku ya ofu na jamaa tunafanya kazi naye, na bana ni jumba, bustani mpaka macho yachoke, swala wa huku wanajitembelea kwa nyasi kama mbuzi wa jirani. Alafu kuna ukumbi alijijengea wa kuweka wanyama aliowapiga risasi akizurura dunia, ukutani ni pembe na vichwa, pembe na vichwa, ukisimama katikati unahisi wewe ndo unaangaliwa. Mtu ana hayo yote kwao na bado anakuja kwetu kujenga ingine! Alianza 1938, akamaliza 1954, vyumba 52 na hana bibi wala mtoto.

Hadithi yenyewe unaijua, kila mtu Nakuru anaijua. Ati kulikua na mwanamke wa Austria, akaonyeshwa nyumba ya kwanza akasema hicho ni kibanda cha kuku, jamaa akaamua kujenga kasri kumfurahisha, kumaliza, mama ashaolewa na mwingine. Ndo akakasirika akapiga marufuku wanawake, mbwa na kuku wasikanyage kwake. Mimi hapo kwa kuku ndo huwa nashtuka, kuku mwanzo kuku mwisho, hadithi imenyooka sana, naona kuna mtu aliipiga pasi. Lakini ya kuchukia wanawake ndo inasemwa sana. Alikufa 1958, na ile shule ya kilimo alianzisha 1939 ndo leo Chuo Kikuu cha Egerton, mabinti wamejaa huko wanasoma kwa jina lake, na maharusi wanapigwa picha kwa ngazi zake. Hapo nacheka kila nikifikiria.

Menengai nayo, lile shimo la volkano juu ya mji, usiende pekee yako. Pale juu kwa kutazama hakuna shida, ni kushuka ndo noma, shimo lina upana kama kilomita 12 na kina karibu mita 500, chini ni mawe ya lava na vichaka vinavyofanana kila upande, kwa hivyo zile stori za watu kuzunguka masaa mpaka wapatikane wamechanganyikiwa mimi sizishangai hata bila kuweka shetani ndani. Ingawa wazee wa huko watakuambia liko, shamba la shetani, linaonekana limestawi alafu ukilikaribia halipo. Wamaasai wanasema moran, vijana wapiganaji, wa Ilaikipiak walirushwa humo na Ilpurko, Wamaasai wa upande mwingine, kwa vita, na ule mvuke unaotoka ni roho zao zinatafuta njia ya juu. Huo mvuke ndo serikali inachimbia stima siku hizi. Na kwa mapango kuna watu wamefunga wanaomba, ukiwapata pita polepole, usitoe simu.

Hyrax Hill, kile kilima chenye makumbusho ya mambo ya kale, hata nauli karibu si kitu, iko hapo tu kwa barabara ya Nairobi. Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alichimba hapo 1937. Wengi huangalia nyumba ya makumbusho na kutoka, wewe tafuta mwamba wenye bao, vishimo vimechongwa kwa jiwe lenyewe mistari miwili, weka kidole ndani usikie vile ni laini, ni mikono ya watu iliyolainisha hivyo.

Na mkienda ushago Disemba mwambie dere asimame Ilesi, pale karibu na Kakamega, lile jiwe linalolia si la kuangalia kwa dirisha. Mnunulie mathe chungu hapo hapo barabarani.

Nitatuma ya kiingilio na ya boda kwa M-Pesa Ijumaa. Vaa raba, si slipas vile nakujua. Na muulize mzee kama yule rafiki yake wa Ngata bado yuko, si babake alikua kibarua kwa shamba la mzungu? Ukimpata usimuulize mambo ya mapenzi, muulize tu kama ni kweli kuku walikatazwa, alafu unirekodie.

Kakako